Rimu ya Tatu

Nitaanza na kosa langu, maana kila anayenisimulia huanzia hapo, basi afadhali niwahi mwenyewe. Nilisikia rimu ina ufa, nikanyamaza. Nilisikia kwa masikio yangu haya mawili, nikaendelea na kazi yangu kana kwamba hakuna kitu. Haya, umeshajua. Sasa tulia nikueleze na mengine, yale ambayo wanaonisema huwa wanayaruka.

Mume wangu anakarabati rimu za magari. Si za chuma, ni zile za aluminiamu zinazoitwa aloi. Rimu ikiingia shimoni ikapinda, ikikwaruzwa ukingoni mwa barabara, ikiliwa na vumbi la breki mpaka ikashika madoa, inaletwa kwake. Anainyoosha kwa jeki na moto wa kiasi, anajaza palipomeguka kwa kuchomelea, anachonga kwa grenda, halafu inakuja kwangu. Mimi nasugua msasa, kwanza mkavu, kisha wa maji, kisha ule laini kabisa, napiga rangi ya chini, rangi yenyewe, na vanishi juu. Huu ni mwaka wa ishirini na mbili. Wateja wananiita Mama Rangi. Yeye wanamwita Sikio.

Jina hilo alilipata kihalali, sitamnyima haki yake. Kabla hajaigusa rimu yoyote, huitundika kwenye ndoano inayoning'inia darini, akachukua kinyundo kidogo cha shaba, akaigonga sehemu tano, moja moja, akisikiliza. Rimu nzima hulia, na baada ya pigo mlio hubaki hewani, ukafifia polepole. Yenye ufa, hata ule usioonekana kwa macho, hutoa sauti fupi iliyokufa, basi. Kwa kinyundo hicho alikataa kazi nyingi ambazo wengine wangezipokea kwa mikono miwili. Alikuwa anachora msalaba wa chaki kwenye rimu, anamwambia mwenye gari: hii usiivae tena, kaiuze ikayeyushwe. Ndiyo maana watu walipita karakana tatu njiani kuja kwetu.

Lakini mtu akisimama kando ya grenda miaka yote hiyo bila kuziba masikio, unategemea nini? Nilimsema mpaka nikachoka. Nilimnunulia vile vya kuziba, akavitundika kwenye msumari, vikakaa hapo mpaka vikageuka rangi. Miaka sita iliyopita nikaanza kuona mambo. Birika la nyumbani linapiga filimbi, yeye kakaa nalo jikoni, wala hageuki. Simu inaita mfukoni mwake, hajui mpaka aone nilivyomkodolea macho. Nikajisemea, ah, kazi tunayo.

Kisha siku moja akaitundika rimu, akaigonga, ikatoa sauti iliyokufa. Akasema nzima. Mimi nilikuwa kwenye meza yangu nasugua msasa, mkono ukasimama wenyewe. Aliuona. Akautazama mkono wangu, akaitazama rimu, akaigonga tena, akakunja uso. Kisha akamwambia mteja kwamba samahani, hii ina ufa.

Hatukulizungumza. Siku hiyo wala siku nyingine. Ila wiki ile ile aliing'oa ndoano akaihamishia upande wa pili, ikawa akigonga rimu anatazamana na meza yangu. Alisema pale pana mwanga mzuri. Tangu hapo ikawa ndiyo kazi yetu: anagonga, anainua macho. Mkono wangu ukiendelea, rimu ni nzima. Ukisimama, ina ufa. Sikukosea hata moja, na yeye hakukosea kunitazama.

Miaka sita, bwana. Mezani hajawahi kusema. Kitandani hajawahi kusema. Wateja wakimsifu, anavimba kichwa, anacheka, anajigusa sikio. Mimi nilikuwa namstahi. Mwanamume wa miaka hamsini na nane, jina lake zima liko kwenye sikio, utaanzaje kumwambia kwamba sikio lenyewe halipo tena? Lakini nami ni mtu. Nilikuwa nangoja. Sikutaka bango langu ukutani, sikutaka zawadi. Nilitaka aseme mara moja, hata kwa sauti ya chini, hata gizani: wewe ndiye unayesikia. Basi. Nilitaka hilo tu na sikulipata.

Sasa ingia kwa wifi. Wifi yangu ni dada yake mkubwa, mwalimu mkuu mstaafu. Shule alistaafu, ukuu hakustaafu. Akija kwangu hufunua vifuniko vya sufuria kabla hajaketi. Miaka yote hiyo mimi kwake ni "mke wa mdogo wangu", utadhani sikupewa jina nilipozaliwa. Mumewe alipofariki alimwachia gari dogo la zamani, lina miaka ishirini na nne, na analipenda kuliko anavyowapenda baadhi ya ndugu zake. Rimu zake ni zile zile lililotoka nazo kiwandani, za mikono mitano inayotoka katikati kwenda ukingoni, na zote nne zilikuwa hoi. Moja imepinda, mbili zimemeguka kingo, zote zina madoa. Usukani ulikuwa unatetemeka kwenye mwendo.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na sisi, jirani yetu mmoja alikuwa amefungua duka la rimu mpya za kuiga. Zinakuja ndani ya maboksi, zimefunikwa nailoni, zinang'aa mpaka unajiona meno. Umbo ni lile lile la kiwandani, mikono ile ile, ila aliyezitengeneza si kiwanda cha gari. Wifi, kwa kuwa ni wifi, alianzia huko. Alipokuja kwetu alikuwa na karatasi ya bei mkononi na maneno ya jirani kichwani: mpya ni mpya, zina dhamana ya mwaka, saa moja tu unaondoka nazo, na kuukuu iliyopakwa poda inabaki kuukuu. Akamwambia mdogo wake kwamba amekwama katikati, amsaidie kuamua.

Ungemwona mume wangu. Hiyo ndiyo hotuba aipendayo duniani. Alimweleza dada yake kwamba za kuiga usizitazame uso, zigeuze mgongo: nyuma ya mikono zimechimbwa kupunguza madini, na nyingi hazina namba ya uzito zinaoweza kubeba. Tundu la katikati ni kubwa kuliko kitovu cha gari rimu inapokaa, linawekewa pete ya plastiki, na pete ikilegea usukani unatetemeka upya. Ya kiwandani ni nene, imeshapigwa mashimo ya kila namna na bado ipo. Akamaliza kwa kusema ya asili iliyokarabatiwa vizuri ni bora kuliko mpya ya kuiga, mradi isiwe na ufa. Mengi ya hayo ni kweli, na hilo la mwisho ni kweli tupu.

Wifi akauliza atajuaje kama hazina ufa. Mume wangu akacheka, akakiinua kinyundo. Akasema wazivue tairi, azisikilize zote nne hapo hapo mbele yake, kisha dada aamue. Fundi wa matairi wa mlango wa pili akazivua. Ya kwanza ikatundikwa. Ikalia vizuri, mkono wangu ukaendelea. Ya pili ikalia, nikaendelea.

Kati ya ya pili na ya tatu, wifi akaleta habari ya mwanawe. Huyo mpwa wa mume wangu ana miaka thelathini na tatu, kiwanda alichokuwa akifanya kazi kilifungwa, yuko nyumbani anaota kitambi. Wifi akasema binti zetu wawili wameolewa mbali, na mdogo wake umri unamwendea. Karakana hii akichoka itakuwa ya nani? Kwa nini asimchukue mpwa wake akamrithisha kazi? Mimi niko hatua nne kutoka hapo, nimeshika msasa, maji yananitiririka viwikoni. Nikasema kwa adabu zangu zote kwamba na mimi nipo, na miaka ishirini na miwili si haba, kuna mawili matatu nimejifunza. Wifi akacheka puani. Nikamtazama mume wangu, nikijua hapa sasa atasema neno.

Akasema. "Huyu ni wa rangi, dada. Rimu hata impasukie mapajani hawezi kujua. Kusikiliza ni kipaji, na hicho kiko kwenye damu yetu."

Alisema huku anacheka. Tena aliniangalia na macho yake yakanipita, kama mtu anayetafuta koleo nyuma yangu. Wakacheka wote wawili, dada na kaka. Kisha akaitundika ya tatu.

Alipoigonga mara ya kwanza ikatoa sauti iliyokufa. Nilisikia. Akaigonga upande mwingine, ikajitahidi kidogo. Akarudi karibu na pale pa kwanza, ikafa tena. Ufa uko kwenye shina la mkono mmoja, nikajua hata mahali pake bila kuiona. Akainua macho kunitazama, kama kawaida yake ya miaka sita.

Nikasugua. Nakuambia nilisugua msasa siku hiyo kuliko siku zote. Maini yalikuwa yamenikatika, na kichwani mwangu kulikuwa na sentensi moja tu: na asikilize kwa damu yake. Alikawia kidogo kuliko kawaida, hilo nalikiri. Mkono wangu haukusimama. Akasema, "Nzima." Ya nne nayo akasema nzima, na hiyo ilikuwa nzima kweli.

Wifi akaridhika. Akasema basi, zikarabatiwe. Akaichana ile karatasi ya jirani vipande viwili, akanikabidhi mimi nikaitupe. Mume wangu akamfungia rimu nne za chuma za kuazima, wifi akaondoka. Kazi ingechukua siku nne.

Nilidhani nitamwambia mchana ule ule. Mezani alikuwa anaongea habari za mpwa wake, atampa meza ipi, atamfundisha nini kwanza. Nikameza chakula na maneno yangu pamoja. Nikajiambia ataniuliza mwenyewe, kwa sababu alikawia pale, lazima ana wasiwasi. Aje tu aniulize, una hakika na ile ya tatu? Nitamwambia papo hapo. Hakuja. Kuniuliza kungekuwa ni kukiri, na yeye alikuwa radhi kutembea na mashaka kuliko kukiri. Mimi nami nilikuwa radhi kutembea na nilichokijua. Tulikuwa watu wawili wakaidi katika chumba kimoja, na rimu kati yetu.

Siku ya pili akainyoosha. Alipokuwa anaipasha moto nikaomba ufa ufunguke wenyewe, uniondolee kazi. Haukufunguka. Siku ya tatu ikafika mezani kwangu. Nilipomaliza msasa wa maji niliiegemeza ukutani ikauke, na ikakauka kote isipokuwa uzi mmoja mweusi nyuma ya shina la mkono, urefu wa ukucha. Maji yalikuwa yameingia ndani yakabaki. Nikapitisha ukucha, ukakwama. Mume wangu yuko hatua nne tu, amenipa mgongo. Ningeweza kumgusa bega nikamwonyesha kwa kidole, bila neno hata moja.

Nikachukua bunduki ya rangi nikapiga rangi ya chini. Watu wananilaumu kwa kunyamaza siku ile ya kwanza, na hiyo naweza kuitetea, hasira ni hasira. Hii siwezi. Hasira ilikuwa imeshapoa. Niliufunika ufa kwa mikono yangu, matabaka matatu ya rangi na mawili ya vanishi, na kazi ilitoka safi mno. Nilijiambia siku ya kuchukua nitasema kabla hawajaifunga. Nikajiambia pia kwamba mjini humu ziko rimu ngapi zenye nyufa na zinatembea miaka. Mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno.

Siku ya nne, saa nne asubuhi, wifi akafika. Alikuja na mwanawe, kavaa ovaroli mpya yenye mikunjo ya pakiti. Na kwenye kiti cha mbele cha abiria alikuwa ameketi mama mkwe, mkoba mapajani, mto mgongoni. Wifi akasema wakitoka hapo wananyoosha moja kwa moja hospitali ya macho, mwendo wa saa tatu, ile barabara ya milimani. Alikuwa ameipanga safari kwa siku ya kuchukua rimu, ili gari lisimtetemeshe mama.

Mama mkwe ana miaka themanini na moja. Nilipoumwa baada ya kujifungua binti yangu wa pili, homa imenipanda siwezi kusimama, ni yeye aliyekuja akakaa kwangu wiki saba. Alinifulia nguo ambazo hata mama yangu angezitoa nje kwa kijiti. Katika ukoo ule, ni yeye peke yake aliyewahi kuniita mwanangu na akamaanisha. Aliniona mlangoni, akateremsha kioo, akaniuliza kama nimekunywa chai. Nikasema nimekunywa, mama. Sikuwa nimekunywa.

Rimu zilikuwa zimepangwa ukutani, fundi wa matairi ameshazivisha tairi zake, naye bado yupo. Hata jirani wa ng'ambo alivuka barabara kuja kuzitazama, akatikisa kichwa, akakubali kwamba kazi ni kazi. Mpwa akainua gari kwa jeki. Akafunga ya kwanza, akafunga ya pili. Akaibeba ya tatu akaipeleka mbele, upande wa mama.

Nikasema hiyo isifungwe. Hakuna aliyenisikiliza. Nikaenda nikaweka mguu mbele yake, nikasema tena, kwa sauti, kwamba hiyo ina ufa.

Wifi akauliza nani kasema. Nikamwambia, "Mimi. Nimeisikia."

Mume wangu ndiye aliyecheka wa kwanza. Akasema moshi wa rangi umenipanda kichwani, nikapumzike. Akamwashiria mpwa aendelee. Sikubishana naye. Nilichukua kisu cha kukwangulia na kitambaa chenye tina ya kuyeyusha rangi, nikapiga magoti, nikaigeuza ile rimu mgongo, nikaanza kuikwangua kazi yangu mwenyewe. Vanishi ikatoka, rangi ikatoka, rangi ya chini ikatoka. Nikamshika mpwa mkono, nikapitisha ukucha wake pale. Ukakwama. Akamtazama mama yake, kisha akamtazama mjomba wake, na akaisukuma rimu kando taratibu.

Uso wa mume wangu ulibadilika. Hakuitazama rimu. Alinitazama mimi, na alionekana ameumia kweli, ameumizwa na mtu ambaye hakumtegemea. Akasema, si kwa nguvu, lakini kila mtu alisikia.

"Lakini ulikuwa unasugua."

Wifi amefundisha miaka arobaini, jambo halihitaji kurudiwa kwake. Alimtazama mdogo wake, akaitazama ndoano, akafuata kwa macho mstari kutoka kwenye ndoano mpaka kwenye meza yangu. Akamuuliza tangu lini hasikii. Mume wangu akaendelea kunitazama mimi. Wifi akamuuliza tena, kwa sauti kubwa, na hapo nadhani ndipo wifi alipoelewa vizuri kuliko hapo kwanza. Mdogo wake akajibu kwamba ni miaka kadhaa. Wifi akauliza kama mimi ndiye niliyekuwa nikimsikilizia muda wote huo. Akainamisha kichwa, akasema ndiyo.

Lilikuwa limesemwa. Mbele ya dada yake, mbele ya mpwa wake, mbele ya jirani na fundi wa matairi. Sitadanganya, kwa muda wa pumzi moja nilijisikia mkubwa. Nilinyanyuka kutoka pale chini nikajipangusa magoti. Nilidhani sasa yamekwisha.

Wifi akanigeukia mimi. Hakupaza sauti. Aliuliza nilisikia lini. Nikamwambia siku ile aliyozileta. Akahesabu kwa kimya, akasema siku nne. Akauliza kama nilijua kwamba leo mama atakuwemo garini. Nikasema sikujua, nimemwona hapa hapa. Akatikisa kichwa polepole.

"Kwa hiyo asingekuwemo mama, ungeniacha niende."

Hakuuliza, alisema. Lakini alisimama akanipa nafasi ya kujibu, tena nafasi ndefu, jinsi anavyompa mwanafunzi ambaye hataki kumwonea. Nikafungua kinywa. Nilikuwa nimeshajiambia nitasema kabla hawajaifunga, si nilijiambia? Basi nikalitafuta lile neno hapana. Nilimtazama usoni, na vifuniko vyote vya sufuria alivyowahi kufunua vikanijia, na kile kicheko cha puani, na ile karatasi aliyonipa nikatupe. Neno halikutoka. Sijui kama lingekuwa la kweli, na wifi aliona kwamba sijui.

Kioo cha mbele kilikuwa bado wazi. Mama mkwe alisikia yote. Hakunikasirikia, ningemshukuru angenikasirikia. Alinitazama tu kwa makini, kwa yale macho yake yaliyokuwa yakienda kutibiwa, kama anayejaribu kukumbuka aliniona wapi. Kisha akaanza kuzungusha kile kishikio cha kioo, kigumu, cha gari la zamani, kidogo kidogo, mpaka kioo kikafika juu. Nilitaka kumsaidia, nikaona aibu kusogea.

Wifi alivuka barabara na jirani. Saa moja baadaye gari lilikuwa na rimu nne mpya za kuiga, linang'aa, na wakaondoka. Walifika salama, na mama alitibiwa macho, anaona vizuri siku hizi. Kwangu hajaja. Zile za asili tatu nzima bado ziko karakana. Hakuna aliyerudi kuzichukua, na sisi hatujampigia mtu simu.

Mume wangu hakulaumiwa na mtu. Watu walimhurumia, na sawa, uziwi ni ugonjwa, kazi ndiyo iliyompa. Dada yake alimpeleka kupimwa, akapewa kifaa cha kuvaa sikioni. Alikivaa wiki moja, akasema kinamletea kelele za grenda tu, akakiweka kwenye droo. Wateja walipungua kidogo kisha wakarudi. Kinachosimuliwa mtaani ni kwamba fundi maskini alikuwa haisikii rimu, na mkewe alisikia akanyamaza. Hilo ni fupi na rahisi kubeba.

Uliitishwa mkutano wa familia. Nilipewa nafasi, nikasema yote haya niliyokuambia. Nikaieleza ile miaka sita. Nikaeleza ndoano ilivyohamishwa. Nikayarudia yale maneno ya huyu ni wa rangi, na ya damu yetu, neno kwa neno. Walinisikiliza kwa heshima zote, hakuna aliyenikatiza. Nilipomaliza, mjomba mmoja wa mume wangu akaniuliza swali moja tu, kama ni kweli niliuona ule ufa kwa macho yangu kisha nikapaka rangi juu yake. Nikasema ni kweli. Wakaanza kutafuta viatu vyao.

Hakuniacha, mume wangu. Hakunipiga, hakunitukana. Alifanya jambo ambalo nilikuwa nikilililia moyoni kwa miaka: alinipa kinyundo. Waziwazi. Mteja akiingia na kumwita Sikio, anamwambia hapana, siku hizi anayesikiliza ni mke wangu. Anasema bila aibu, tena naona kapumua, kama aliyetua mzigo. Mimi natundika rimu, nagonga sehemu zote tano, nasema ni nzima au ina ufa. Wateja wanatikisa kichwa kwa heshima. Zamani ningelia kwa furaha.

Halafu anakichukua kinyundo mkononi mwangu, anampa mpwa wake, naye anagonga upya sehemu zile zile tano. Kila rimu, kila siku. Mpwa sikio lake si baya, ila ni mzito, anachukua muda, anainamisha kichwa, anagonga na kugonga. Mteja anasubiri. Mimi nasimama kando na mikono yangu mitupu mpaka amalize. Kila mara anasema kile kile nilichosema mimi.

Nilivumilia miezi mitatu. Wiki iliyopita, mteja ameenda kununua maji, nikamsogelea mume wangu upande ule anaosikia kidogo, nikamuuliza kwa nini kazi moja inafanywa mara mbili. Nikamuuliza kama tangu nishike kinyundo nimewahi kukosea hata rimu moja.

"Hata moja," alisema. "Masikio yako siyatilii shaka."

Kisha akampa mpwa wake kinyundo, akasimama kando yake kungoja.